Kusoma Shahada Mtandaoni Bila Kuhama Tanga

Tanga wanatuita waja leo waondoka leo, lakini mimi sikutaka kuondoka. Nina steshenari Ngamiani, nina watoto, nina mama mtu mzima, na shahada yangu ya usimamizi wa biashara nimeisomea hapa hapa kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kila msimu wa udahili watu huja dukani niwajazie maombi, na swali lao ni moja: inalipa?

Inalipa, tena sana. Masomo ni magumu vilevile, ila hufungi duka wala huachi kazi, na mshahara unaendelea kuingia. Chumba cha kupanga Dar es Salaam, nauli za kila siku, chakula cha mgahawani, vyote hivyo huvilipi. Unabaki na ada, bando na karatasi.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Mwongozo wa udahili uko kwenye tovuti yao, pakua usome mwenyewe. Nasisitiza kwa sababu namfahamu dada mmoja, mwalimu, aliyelipia chuo cha nje alichokiona kwenye tangazo la simu. Cheti alipewa, mwajiri akakikataa. Iliniuma kama yangu. Sisemi vya nje vyote vibaya: Open University ya Uingereza ipo tangu 1969 na inaheshimika duniani. Lakini shahada ya nje lazima TCU waithibitishe, kwa hiyo waulize wao kwanza, halafu ndiyo ulipe. Huria yetu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na anayekwambia shahada ya masafa haina thamani hajui analosema.

Kisha kusanya vyeti. Kwa kawaida wa kidato cha sita anatakiwa awe na principal mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango kamili, zenye jumla ya pointi 4, na wa stashahada GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0, ingawa kila kozi ina masharti yake. Ukipungukiwa usikate tamaa, Huria wana kozi ya msingi ya kukuandaa. Linganisha majina herufi kwa herufi. Cheti cha kidato cha nne kikisema Mwanahamisi na cha sita Mwanakhamis, nenda kwa wakili mapema ukaape kiapo cha majina, kwa sababu mfumo wa maombi hauna huruma.

Ukishapokelewa, kaa na watu wa nyumbani. Hili wengi wanaliruka, nami nasema ndilo linaloamua kama utamaliza. Mume, mama mkwe, watoto wakubwa, wote wajue saa ipi ni yako. Yangu ilikuwa baada ya swala ya alfajiri mpaka watoto wanapoamka kwenda shule, na ratiba niliibandika kwenye kabati la vyombo kila mtu aione. Usiku, bando likiwa nafuu, nilikuwa napakua mihadhara na vitabu vyote vya wiki, ili asubuhi nisome bila kuhangaika na mtandao. Simu inatosha kusomea, lakini kazi za kuandika tafuta laptopu, hata ya kuazima. Na usisubiri siku ya mwisho kupakia kazi. Umeme wetu mnaujua.

Faida niliyoipenda kuliko zote ni kwamba unachosoma unakitumia palepale. Wiki tuliyosoma kutenganisha gharama, nilichukua daftari la duka nikaandika upya: karatasi, wino, umeme na kodi, kila kitu kwenye safu yake. Nikaona fotokopi ndiyo inayonilisha, na madaftari niliyokuwa nayajaza kwenye rafu yananilia mtaji. Nikapunguza madaftari, nikaongeza mashine ya pili. Aliyehama kwenda kusoma angesubiri mpaka arudi.

Jiunge na kundi la wenzako la WhatsApp. Langu lilikuwa na muuguzi wa Lushoto, askari magereza na karani wa bandarini, na maswali ya takwimu tulikuwa tunayapiga pamoja kwa sauti za kurekodi. Usiku mmoja yule muuguzi alinieleza uwezekano kwa mfano wa wagonjwa wa malaria wodini kwake, nikaelewa kilichonishinda mwezi mzima.

Mitihani ya Huria unaikalia ana kwa ana, na kituo cha mkoa kipo Tanga. Anayetoka Pangani au Lushoto afike jana yake, alale kwa ndugu. Beba kitambulisho, na tikiti ya mtihani ichapishwe siku mbili kabla, maana asubuhi ya mtihani foleni dukani kwangu hufika barabarani.