Jinsi ya kufanya utafiti mdogo wa damu kuvujia ubongoni ukiwa mtu wa usingizi

Mwongozo huu ni wa daktari au muuguzi wa usingizi (anayelaza wagonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji) aliye katika hospitali yenye CT skani na thieta inayofungua fuvu, lakini haina mfadhili wala ofisi ya utafiti. Utahitaji fomu ya karatasi moja, rula, saa, na simu yenye salio. Sehemu ngumu ni kuandika jambo kwa wakati wake, kabla halijasahaulika.

Hatua ya 1: Swali moja tu

"Usingizi unaathirije kiharusi" halijawa swali. Jaribu hili: kwa wagonjwa wanaofunguliwa fuvu kuondoa donge la damu, je, presha ya juu (namba ya kwanza ya kipimo) kushuka chini ya 110 katika dakika 20 za kwanza baada ya kulazwa usingizi inaendana na hali mbaya siku ya 90?

Sababu ya kulipenda swali hili ni hii. Mgonjwa anakuja na 210 kwa 120, na kila mtu thieta anataka presha ishuke. Kuishusha kumechunguzwa sana: utafiti wa INTERACT2 wa 2013 ulilinganisha lengo la chini ya 140 na lile la chini ya 180, na ule wa ATACH-2 wa 2016 ukashuka zaidi, kati ya 110 na 139. Huo wa pili haukuonyesha faida, na matatizo ya figo yakaongezeka. Lakini sisi watu wa usingizi tunaweza kuishusha presha ndani ya dakika mbili bila kukusudia, kwa sindano moja ya propofoli, dawa ya kulaza usingizi. Damu inayofika ubongoni inasukumwa na presha ya wastani ukitoa shinikizo lililomo ndani ya fuvu. Shinikizo la fuvu likiwa 30 na presha ya wastani ikaanguka hadi 70, kinachobaki ni 40, na ubongo ulioumia hauvumilii hapo kwa muda mrefu.

Hatua ya 2: Pima ukali wa ugonjwa kabla ya kugusa sindano

Usiiruke hatua hii hata kama daktari wa upasuaji ameshanawa mikono.

Kwa miaka mingi ripoti za wagonjwa waliozibuliwa mishipa ya ubongo kwa waya zilisema waliolazwa usingizi kamili walitoka vibaya kuliko waliopewa dawa ya kutuliza tu. Wengi wakaukimbia usingizi kamili. Kumbe aliyelazwa kabisa mara nyingi ndiye aliyekuwa mahututi tangu mwanzo: anatapika, hajitambui, hatulii mezani. Ndipo Wajerumani wa Heidelberg wakawagawa kwa kura wagonjwa 150 katika utafiti wa SIESTA, nusu usingizi kamili na nusu dawa ya kutuliza, Waswidi wa Gothenburg 90 katika AnStroke, na Wadenmark wa Aarhus 128 katika GOLIATH. Usingizi kamili haukuonekana kuwa na madhara yale, na wagonjwa wote 368 walipojumlishwa, waliolazwa kabisa walikuwa na ulemavu mdogo zaidi baada ya miezi mitatu.

Wewe huwagawi wagonjwa kwa kura, unaangalia tu, kwa hiyo mtego huo unakusubiri. Mgonjwa ambaye presha yake itaporomoka huenda ndiye aliyekuwa karibu kufa. Andika basi, kabla ya dawa yoyote: umri, alama za Glasgow (kipimo cha ufahamu) kwa macho, kauli na mikono kila moja peke yake, ukubwa wa mboni zote mbili, sukari, na saa dalili zilipoanza. Mpira wa kupumulia ukishaingia, kauli haipimiki tena.

Hatua ya 3: Pima donge kwa rula

Huhitaji programu ya kompyuta. Tafuta kipande cha CT ambamo donge ni kubwa kuliko kote. Pima urefu wake mkubwa zaidi kwa sentimita, hiyo ni A. Kwenye kipande hichohicho pima upana unaokata A kwa pembe mraba, hiyo ni B. Tumia kipimio cha sentimita kilichochapwa pembeni mwa filamu, kwa sababu picha ya filamu huwa imepunguzwa.

C ndiyo inayowakosesha wengi. Hesabu vipande vyenye donge ukilinganisha na kile kikubwa. Kipande ambacho eneo la donge linazidi asilimia 75 ya lile kubwa hesabu moja. Kati ya 25 na 75, nusu. Chini ya 25, acha. Zidisha jumla kwa unene wa kipande.

Mfano: A ni 5, B ni 4. Vipande kamili 6, vya nusu 2, kimoja kidogo tumekiacha. Jumla 7, unene milimita 5, yaani sentimita 0.5, basi C ni 3.5. Zidisha 5 kwa 4 kwa 3.5 upate 70, gawa kwa 2: mililita 35. Kuanzia 30 kwenda juu ni mpaka unaotumika sana kutenga madonge ya hatari.

Mwombe mwenzako apime naye bila kuona jibu lako. Mkitofautiana sana, rudieni pamoja.

Hatua ya 4: Kibali na ridhaa

Nenda kamati ya maadili ya hospitali yako kabla ya mgonjwa wa kwanza, na uulize kama kibali cha taifa kinahitajika pia. Ridhaa itatoka kwa ndugu aliyekaa kwenye benchi koridoni, ameshika nguo za mgonjwa mkononi. Mwambie kwanza habari za upasuaji, umalize maswali yake, ndipo utaje utafiti. Mweleze wazi kwamba akikataa, matibabu hayabadiliki hata kidogo.

Hatua ya 5: Dakika 20

Kama huna mrija wa kupimia presha moja kwa moja ndani ya mshipa, weka mashine ipime kila dakika mbili. Mpe mtu mmoja kazi ya kuandika tu, asiwe yule anayeshika mpira. Anaandika presha ya kabla ya dawa, ya wakati wa kuweka mpira (hapo huwa inaruka juu), kisha kila kipimo hadi dakika ya 20. Aandike pia dawa gani, kiasi gani, na nani aliongeza dawa ya kupandisha presha. Ongeza kaboni dayoksaidi ya pumzi: ukimpumulisha haraka mno inashuka, na mishipa ya ubongo inabana.

Usikubali fomu iliyojazwa jioni kwa kumbukumbu. Namba zake huwa zimenyooka mno.

Hatua ya 6: Simu ya siku ya 90

Katika utafiti wangu wa kwanza tulichukua namba moja kwa kila mgonjwa, na miezi mitatu baadaye nyingi zilikuwa zimezimwa. Kazi ya mwaka mzima ikabaki bila jibu. Sasa nachukua tatu: ya anayelala nyumba moja na mgonjwa, ya ndugu wa mbali, na ya balozi wa nyumba kumi. Waliohesabu kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 waliwategemea hivyohivyo viongozi wa vijiji, na waliofia nyumbani walitambuliwa kwa kuwahoji wafiwa.

Ukipiga, salimia, jitambulishe, toa pole. Kisha usiishie kwenye "anaendelea vizuri". Kwetu hilo ni jibu la salamu. Uliza kwa mpangilio:

Anaweza kubaki peke yake nyumbani wiki nzima bila msaada? Ndiyo, yuko kati ya 0 na 2 kwenye skeli ya Rankin, kipimo cha ulemavu. Uliza kama amerudia kazi zake zote na kama ana dalili yoyote, upate namba kamili. Hapana, endelea: anatembea bila kushikwa? Ndiyo, ni 3. Hapana, ni 4. Ila kama yuko kitandani muda wote na anahitaji mtu usiku na mchana, ni 5. Aliyefariki ni 6.

Binti mmoja aliniambia baba yake "mzima kabisa, anakula vizuri". Nilipouliza nani anampeleka chooni, akanyamaza, kisha akasema, "Mimi na kaka, daktari. Tunambeba." Hiyo ni 4.

Anayepiga simu asijue presha ilikuwaje thieta. Na ukisikia kilio upande wa pili, weka fomu chini. Keti nao kwanza.

Hatua ya 7: Kuhesabu

Andika mpango wa hesabu kabla ya kufungua data. Linganisha walioshuka chini ya 110 na wasioshuka, lakini ndani ya makundi yanayofanana kwa Glasgow, umri na ukubwa wa donge. Ukiwa na wagonjwa 40 utaona picha tu. Utafiti wa INTERACT3 ulihitaji wagonjwa 7,036 kuonyesha faida ya kurekebisha presha, sukari, joto na athari ya dawa za kuzuia damu kuganda kwa pamoja. Sema hivyo wazi kwenye ripoti.

Taja pia wangapi hukuwapata, na presha zao thieta zilikuwa ngapi. Uliyempata siku ya 97 mhesabu, uandike tarehe halisi ya simu.