Panga albamu kwa mahali, siyo kwa tarehe
Wapiga picha wenzangu wa Mtwara na Lindi, ukitengeneza tovuti yako usipange albamu kwa tarehe, maana mteja hajui ulipiga lini, yeye anatafuta Mikindani, magofu ya Kilwa Kisiwani, korosho, vinyago vya Kimakonde, basi mpe albamu zenye majina hayohayo. Kila albamu picha 15 hadi 20 zinatosha kabisa, ile kali ianze, na kama unazo tano za pozi moja chagua moja tu, inauma najua ila fanya hivyo. Saizi punguza, upande mrefu pikseli 2000 basi, watu wanafungua kwa bando la simu. Na faili liite mikindani-boma.jpg, siyo DSC_0413 lile linalotoka kwenye kamera, Google inasoma hilo jina.