Kokwa ya parachichi na maji ya chumvi

Kokwa ya parachichi usiianike ikakauka. Ioshe, uipande ndani ya siku mbili tatu. Chukua ya tunda lililochumwa mtini, si lililookotwa chini, maana udongoni ndiko waliko vimelea vya kuozesha mizizi. Upande bapa uwe chini, ncha juu, theluthi moja ibaki nje. Kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, kiwe kirefu, sentimita 30 hivi, chenye matundu chini: udongo wa juu sehemu 3, mchanga 1, samadi iliyooza 1. Kiweke chini ya makuti. Kuchipua ni wiki 4 hadi 8, kwa hiyo usifukue kuchungulia!

Sasa maji. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na mparachichi hauivumilii hata kidogo: majani ya zamani huanza kugeuka kahawia nchani, kama yameunguzwa na moto. Watu hudhani ni kiu, wakazidisha maji yale yale. Kinga maji ya mvua, umwagilie hayo. Mchanga wa ufukweni nao uache huko huko.

Shina likifikia unene wa penseli, bebesha kikonyo, yaani unganisha hapo kijiti kilichokatwa kwenye mparachichi unaozaa vizuri. Bila hivyo utangoja miaka 5 au zaidi, na tunda huenda lisifanane na la mama yake. Uhamishie uani masika yakianza, pasipotuama maji.