Mlango Mmoja wa Zanzibar, Kompyuta Moja: Somo la Historia ya Sanaa kwa Shule ya Sekondari

Mwalimu anayeanza kutumia midia anuwai hukusanya picha, video na muziki kwa wingi, na wanafunzi hutoka darasani wameburudika bila kukitazama kitu hata kimoja kwa makini. Ni afadhali achague kazi moja tu. Hapa nitatumia mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, ingawa wa Lamu au Bagamoyo utafaa vilevile.

Piga picha ya mlango mzima ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, wakati jua linapoupiga kwa ubavuni, kwa kuwa vivuli vyake ndivyo vinavyoonyesha kina cha nakshi. Kisha sogea karibu upige kizingiti cha juu, miimo, misumari ya shaba, na mfaa, yaani ule ubao wa katikati unaoziba mahali mbao mbili za mlango zinapokutana. Usivikate vipande hivi kutoka katika picha kubwa, kwani vikikuzwa ukutani vitafifia. Na kama ni nyumba ya mtu, piga hodi kwanza uombe ruhusa.

Katika PowerPoint, tandaza picha ya mlango mzima kwenye slaidi yote, uchore mstatili juu ya kila sehemu na kuuunganisha na slaidi ya picha ya karibu yenye kitufe cha kurudi mlangoni. Mstatili usiuondolee rangi kabisa, bali uipe rangi hiyo uwazi wa asilimia 100. La sivyo hautaitika ukibofywa katikati. Zima pia mpangilio wa slaidi kusonga kwa kubofya popote. Hatua hii husahaulika mno, na mwanafunzi anayekosea shabaha kidogo hujikuta slaidi nyingine kabisa.

Kila slaidi ya ndani ianze na swali, jibu likae nyuma ya kubofya kwa pili. Kwa mfano, weka vizingiti viwili sambamba, kimoja kilichonyooka na kingine cha tao, uwaulize wanafunzi upi ni mtindo wa zamani zaidi, nao waandike sababu zao daftarini kabla hujagusa kipanya. Ndipo waone kwamba kilichonyooka kwa kawaida ni cha mtindo wa awali wenye athari za Uarabuni, na kwamba tao lilienea mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na ladha ya Bara Hindi.

Nakshi ya mnyororo inahitaji uangalifu zaidi. Wapo wanaoieleza kuwa ishara ya utumwa, na wapo wanaosema ni ulinzi wa nyumba. Usitengeneze kitufe cha "jibu sahihi" hapa. Weka maelezo yote mawili, uwaulize wanafunzi ni ushahidi gani ungetosha kuamua.

Muda ukiruhusu, ongeza picha za Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, za kabla na baada ya sehemu yake kuporomoka Desemba 2020, ili wajadili kazi ya picha kama kumbukumbu.

Jaribu faili kwenye kompyuta ya shule yenyewe, bila intaneti. Chapisha pia picha ya mlango mzima. Umeme ukikatika, ibandike ubaoni, mwanafunzi mmoja mmoja aje aonyeshe mfaa kwa kidole.