Fimbo nyepesi ya nzi kutoka blanki ya bei ya chini

Blanki ni ufito mtupu wa fimbo ya kuvulia samaki, kabla haujatiwa pete na mkono, na ile ya kaboni ya dola 30 kutoka China si nzito. Ukiona fimbo iliyoundwa kwayo inauchosha mkono, ujue fundi ndiye aliyeufunga uzito huo mwenyewe: pete kubwa za kupitishia mshipi, uzi mnene wa kuzifungia, gundi iliyopakwa kama plasta ya ukuta. Mimi nilitokea upande wa nzi, yaani chambo bandia kinachofungwa kwa uzi kwenye ndoana. Nilifunga nzi wa manyoya kwenye karakana ya kuuza nje, kazi ambayo wanawake wengi hapa Kenya wameifanya, na huko mzunguko wa uzi usio na kazi ulihesabiwa uchafu. Nilipohamia kwenye fimbo nilikuja na sheria hiyohiyo.

Fimbo ninayoieleza hapa ni ya mito yetu ya juu, Thego, Ragati na Gura. Gura ndiko mlowezi Ewart Grogan alikowamwaga trauti, samaki wa maji baridi, mwaka 1905, walioletwa kutoka Loch Leven, Uskoti. Mito hii ikipanda mlimani huwa myembamba, vichaka na mianzi imeinamia maji, na trauti wengi ni wadogo. Fimbo ya futi 9 namba 6 hapo itakushikisha matawi mchana kutwa. Nunua blanki ya futi 7 na nusu, namba 3, ya vipande vinne. Vipande vinne vinaingia kwenye mkoba, nawe unapanda bodaboda bila kumtoboa mtu jicho.

Namba yenyewe ni ya uzito wa mshipi. Futi 30 za mwanzo za mshipi namba 3 zina uzito wa gramu 6.5 hivi, za namba 5 zinafika 9. Tatizo ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye blanki ya bei ya chini haiaminiki sana, na nyingi ni ngumu kuliko zinavyodai. Basi ipime. Azima fimbo namba 3 unayoijua, yenye urefu uleule. Ibane kitako mezani ikae mlalo, funga kikopo kitupu cha mtindi kwenye ncha, kisha tia maji kwa sirinji hadi ncha ishuke theluthi moja ya urefu wa fimbo. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo huhitaji mizani. Andika kiasi, halafu fanya hivyohivyo kwa blanki yako na kikopo kilekile. Ikitaka maji mengi zaidi kwa mbali, hiyo ni namba 4 au 5, na mshipi ununuliwe kwa kuifuata. Wamarekani hutumia senti zao badala ya maji, kila senti gramu 2.5, kwa utaratibu aliouweka William Hanneman.

Ukiunga vipande, chungulia blanki kutoka kitakoni huku ukiizungusha. Nyingi zina kipinde kidogo. Kipinde kielekee juu na pete zikae chini, uzito wa pete utakinyoosha. Wapo mafundi wanaotafuta kwanza uti wa blanki, ule upande mgumu zaidi, wakabishana kuuhusu hadi chai ipoe. Mimi nafuata unyoofu. Weka alama ya penseli nyeupe kila kiungo, ili vipande virudi palepale kila mara.

Sasa pete, maana hapa ndipo wepesi unapopatikana au kupotea. Gramu moja kwenye ncha inasumbua mkono kuliko gramu kumi chini ya kiganja. Chukua pete za mguu mmoja, ndogo kadiri fundo la mshipi wako linavyoweza kupita. Mguu mmoja ni nusu ya uzi na nusu ya gundi. Idadi ni moja kwa kila futi na moja ya ziada, kwa hiyo hapa nane, mbali na ile ya nchani. Kutoka nchani kwenda chini mimi naanzia na vipimo hivi: sentimita 11, 24, 39, 56, 75, 97, 123 na 153. Hiyo ya mwisho ndiyo pete kubwa iliyo karibu na mkono, nayo iwe ya miguu miwili. Ya 56 inaangukia kwenye kiungo, kwa hiyo ipandishe hadi 53.

Usifunge bado. Shikiza pete kwa raba ndogo za kusukia watoto nywele, zile za rangirangi zinazouzwa kwa pakiti. Pitisha mshipi, mpe mtu avute, fimbo ikunjike vizuri. Mshipi unatakiwa kuufuata mkunjo wa fimbo. Ukiuona unakata kona mahali, sogeza pete hadi kona ipotee. Vipimo vyangu ni vya kuanzia tu, mkunjo wa blanki yako ndio wenye neno la mwisho.

Nola kila mguu wa pete kwa tupa ndogo hadi ncha yake iwe nyembamba, la sivyo uzi utaruka pale unapopanda na kuacha mwanya. Uzi wa fimbo namba A unafaa kwa vipande vya chini. Kipande cha juu nafunga kwa uzi wa nzi, 6/0, na sijaona pete ikichomoka. Anzia kwenye blanki, panda mguuni, mizunguko ishikane bila kupandana. Pete ya mguu mmoja ipewe mizunguko mitatu minne mbele ya duara lake, isichomoke mshipi ukivutwa. Ikibaki mizunguko kama sita, laza kitanzi cha uzi mwingine, malizia juu yake, kata, pitisha ncha kitanzini na uvute. Waliofunga nzi wanaijua hatua hii hata taa ikizimika. Midomo ya kike ya viungo, ile inayomeza kipande kingine, nayo ifungwe uzi, sentimita moja hivi, kwa sababu hapo ndipo blanki hupasuka. Hapo usibane matumizi. Na ujue kwamba uzi wa nailoni hugeuka kama kioo ukipata gundi. Ukitaka rangi ibaki, pakaza kwanza dawa ya kuhifadhi rangi.

Kuhusu gundi ya epoksi nina msimamo ambao mafundi wenzangu hawaupendi. Kipande cha juu sikipaki epoksi kabisa. Nakipaka vanishi ya mbao za nje, tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikikauka usiku kucha. Ni nyepesi na haihitaji kuzungushwa. Vipande vya chini, ndiyo, epoksi, tabaka moja. Pima sehemu mbili sawasawa kwa sirinji mbili tofauti, na sirinji ziwe za plastiki tupu: zile zenye mpira mweusi ndani zina mafuta ya silikoni, nayo yataacha vidimbwi kwenye gundi. Koroga dakika tatu taratibu, mimina juu ya karatasi ya aluminiamu ili isipate joto upesi, paka, subiri kidogo, kisha fyonza inayoning'inia kwa ncha ya brashi kavu. Baridi ya Nyeri ya Julai huifanya gundi iwe nzito kama uji, kwa hiyo loweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Nyunyiza maji sakafuni vumbi litulie. Fimbo izunguke polepole kwa muda wa saa tano hivi, gundi isikusanyike upande mmoja. Mota ya sahani ya maikrowevu iliyokufa inatosha, lakini soma ubavuni, nyingine ni za volti 21 na hazichomekwi ukutani.

Mkono wa fimbo, pale pa kushikia, haunichukui muda. Vipete kumi na viwili vya gamba la vizibo, vya nusu inchi, vinakupa sentimita 15. Vitanue kwa tupa ya mviringo hadi viingie kwa kubana, gundisha, kereza kwa drili na msasa. Kishikio cha rili, lile gurudumu la kuzungushia mshipi, chagua kile cha vipete viwili vinavyoteleza, bila skrubu. Ukikiona kimelegea juu ya blanki, zungushia utepe wa karatasi wa wapaka rangi kwa mafungu, ukiacha nafasi gundi iifikie blanki yenyewe. Wateja hupenda kishikio cha mutamaiyo kwa jinsi kinavyong'aa. Ni mti mzito, lakini kule kitakoni hauna madhara, basi mbwembwe zote ziweke huko.

Iache fimbo siku tatu kabla ya kuikunja. Kisha ijaribu kwenye nyasi, kipande cha sufi nyekundu badala ya nzi, na baada ya kurusha kwa nusu saa kagua viungo. Kikilegea kimoja, futa vumbi, sugua upande wa dume kwa mshumaa, futa ziada kwa kitambaa, uunge tena.