Kuchukua kinyama cha ini: lini kinahitajika, na namna ya kukipata kikiwa na maana

Kabla ya kugusa sindano, jiulize: jibu la kinyama hiki (biopsi, yaani kipande kidogo cha ini kinachotolewa kwa sindano ili kichunguzwe) litabadilisha matibabu gani? Homa ya ini B na C hutambuliwa kwa kipimo cha damu. Kiasi cha makovu nacho mara nyingi hukadiriwa kwa elastografia (kipimo cha ugumu wa ini), au kwa hesabu ya FIB-4 inayotumia umri, vimeng'enya vya ini AST na ALT, na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda): chini ya 1.3 makovu makubwa hayatarajiwi, juu ya 2.67 yanatiliwa shaka sana. Kinyama kinabaki na kazi yake pale vipimo vinapopingana, vimeng'enya vinapokaa juu kwa zaidi ya miezi 6 bila sababu kujulikana, magonjwa mawili yanapohisiwa kwa mgonjwa mmoja, au kinga ya mwili inapodhaniwa kulishambulia ini. Kwa hilo la mwisho, usianze steroidi za muda mrefu kwa kubahatisha.

Pima wingi wa damu, INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) na kundi la damu. Vituo vingi havipitishi sindano ubavuni chembe sahani zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita au INR ikizidi 1.5, ingawa kwa mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) INR haitabiri vizuri nani atavuja damu. Dawa za kuzuia damu kuganda nazo husimamishwa: wafarini kwa kawaida siku 5 kabla, klopidogreli siku 5 hadi 7, lakini aliyeiandika dawa aulizwe kwanza, maana huenda inalinda moyo. Ultrasaundi ionyeshe kwamba njia za nyongo hazijatanuka na hakuna uvimbe wa maji wa minyoo ya hidatidi kwenye njia ya sindano. Tumbo likiwa na maji mengi au damu ikiwa haigandi vyema, pitia mshipa wa shingoni: damu ikivuja, inarudi ndani ya mshipa.

Mgonjwa alale chali, mkono wa kulia chini ya kichwa. Chagua nafasi kati ya mbavu kwa ultrasaundi, kisha pita juu kidogo ya ubavu wa chini, kwa sababu mishipa hukimbia chini ya kila ubavu. Lidokeini ifike hadi kwenye utando wa ini; ganzi ikiishia kwenye ngozi, mgonjwa atashtuka na kuvuta pumzi. Hapo ndipo utando unapochanika. Mfanyishe mazoezi mara mbili au tatu: toa pumzi yote, zuia. Sindano ikae ndani sekunde chache tu.

Unachotoa ni takriban sehemu moja kwa 50,000 ya ini lote, kwa hiyo ubora wake ndio kila kitu. Tumia sindano ya geji 16, upate kipande cha sentimita 2 au zaidi, chenye angalau maeneo 11 ya porta (sehemu ambapo mishipa ya damu na njia ya nyongo hupita pamoja ndani ya ini). Ini lenye sirosisi hukatikia kwenye makovu; sindano nyembamba huleta vipande vya vinundu visivyo na kovu, na ripoti ikasema ugonjwa ni mdogo kuliko ulivyo. Tia kinyama mara moja katika formalini ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kinyama au zaidi. Usikiache kwenye shashi kavu. Ukishuku ugonjwa wa Wilson (shaba kurundikana mwilini), tenga kipande cha kupimia shaba katika chombo kisicho na shaba, na uliulize maabara kwanza wanakitaka vipi.

Fomu yenye neno "ini" tupu haimsaidii mtaalamu wa patholojia. Andika dawa zote, zikiwemo za mitishamba, pombe, majibu ya virusi na kingamwili. Ripoti ya METAVIR (mfumo wa kuweka alama za hali ya ini) ikirudi, usichanganye herufi: F0 hadi F4 ni makovu, A0 hadi A3 ni ukali wa uvimbe wa inflamesheni.

Baada ya sindano, alale ubavu wa kulia. Mapigo na shinikizo la damu vipimwe kila dakika 15 saa ya kwanza, kisha kila nusu saa, kwa jumla ya saa 2 hadi 4 au zaidi. Maumivu ya bega la kulia ni ya kawaida, na parasetamoli hutosha. Yakizidi huku mapigo yakipanda, rudia ultrasaundi upesi. Aende nyumbani na mtu, asinyanyue mizigo kwa wiki moja. Siku kadhaa baadaye, maumivu ya tumbo, macho ya manjano na choo cheusi vikija pamoja, fikiria damu inayovujia kwenye njia za nyongo; arudi hospitali siku hiyohiyo.