Somo: Kaliba na Kichwa cha Risasi kwa Mwindaji wa Kulungu Colorado

Msimu uliopita watu wengi mno waliniuliza swali moja, kaliba gani (kipimo cha mtutu na risasi yake) na kichwa gani cha risasi vinamfaa kulungu, wengine wakinipigia simu nikiwa porini, kwa hiyo naliandika mara moja. Ninamzungumzia kulungu mwenye masikio marefu wa milima ya Colorado, ambaye dume lake hufika kilo 100 na kuzidi. Anayemfikiria pongo wa kwetu aongeze mizani.

Hatua ya 1. Soma sheria za mwaka huu kabla ya kununua chochote: kwa kulungu, Colorado inataka kipenyo cha risasi kisichopungua inchi 0.24, kichwa chenye kutanuka kikigonga mnyama, cha greni 70 au zaidi (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na nishati ya futi-pauni 1,000 (kipimo cha nguvu ya pigo) katika umbali wa yadi 100.

Hatua ya 2. Kaliba za .243 Winchester, 6.5 Creedmoor, .270 Winchester, .308 Winchester na .30-06 zote zinamtosha mnyama huyu, basi chukua ile ambayo bega lako linastahimili teke lake na ambayo risasi zake hazikosekani katika duka lenu. Anayefumba macho kabla ya kufyatua hasaidiwi na kaliba kubwa.

Hatua ya 3. Chagua kichwa kwa kufikiria umbali. Kichwa laini chenye gamba jembamba, kikigonga mfupa wa bega karibu na kwa kasi kubwa, huweza kupasuka kabla ya kufika mapafuni na kuharibu nyama nyingi. Kichwa kigumu kilichopungukiwa kasi hupita bila kutanuka, kikaacha tundu jembamba lisilotoa damu ya kufuatilia. Katika .308 mimi hutumia greni 150 hadi 165, na katika .243 greni 90 hadi 100.

Hatua ya 4. Sawazisha darubini upya kila unapobadili risasi, hata kama uzito ulioandikwa kwenye boksi ni uleule. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka mmoja nilibadili kutoka kichwa cha madini ya risasi kwenda cha shaba tupu, vyote vya greni 150, nikajiambia kwamba kaliba ni ileile na uzito ni uleule, nikaingia porini bila kupita uwanja wa shabaha. Nilimpiga dume tumboni kwa umbali wa yadi 200, nikamfuata tangu asubuhi hadi jioni, na nilipompata nyama ilikuwa imeanza kuoza. Baadaye, nilipojaribu kwenye karatasi kwa yadi 100, risasi mpya zilitua inchi 3 kushoto na inchi 2 chini ya zile za zamani. Kwa yadi 200 kosa la kushoto peke yake linakuwa inchi 6. Piga angalau mara tatu, usiridhike na tundu moja, na ujaribu kwa risasi za boksi utakalokwenda nalo kuwinda.

Hatua ya 5. Usichanganye risasi za bunduki mbili mezani. Risasi ya .300 Blackout huweza kuingia katika bunduki ya .223, na ikifyatuliwa humo bunduki hupasuka mikononi mwako. Linganisha maandishi ya mtutuni na ya kitako cha risasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgeni: Sina muda wa kusoma yote. Niambie tu ipi bora.

Jibu: Hatua ya 2. Kama huna muda wa kusoma mistari minne, hutakuwa na muda wa kumfuata mnyama uliyemjeruhi.

Mgeni: Ninazo risasi za mazoezi za .308, zimefunikwa gamba hadi nchani. Si kaliba ni ileile?

Jibu: Hazitanuki, na sheria niliyoitaja inataka kichwa chenye kutanuka. Sikuiandika ili kujaza nafasi.

Dada Mwindaji: Samahani kaka, uzito ukiwa sawa, kwa nini kichwa cha shaba kiruke tofauti?

Jibu: Ahsante, dada, hili ndilo swali nililolisubiri. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina takriban gramu 11.3, na ya shaba gramu 9 hivi. Kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito uleule lazima kiwe kirefu zaidi. Kichwa kirefu huhitaji mtutu unaokizungusha kwa kasi zaidi ili kisiyumbe, na mtutu wenyewe hutikisika kwa namna nyingine kinapopita. Ndiyo maana wengi wanaohamia shaba huchukua kichwa chepesi kidogo, ambacho pia hufika kikiwa na kasi ya kutosha kutanuka.

Dada Mwindaji: Na ukila nyama iliyopigwa kwa madini ya risasi, watoto wako salama?

Jibu: Vipande vidogo visivyoonekana kwa macho husambaa mbali na tundu, ndiyo sababu nilihamia shaba mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Ukiendelea na ya zamani, kata na utupe nyama yote yenye damu iliyovilia pamoja na sehemu pana inayoizunguka, na usiisage kabisa, kwa maana kipande kimoja kwenye mashine huenea katika kilo zote.

Mzee wa Aurora: Na kuchinja, mwanangu?

Jibu: Shikamoo mzee. Mimi hutaja jina la Mungu kabla ya kufyatua, na nikimkuta bado hai humchinja papo hapo. Aliyekwisha kufa kwa risasi ana maneno yake kwa wanazuoni, hilo namwachia sheikh.